SOMO: Ukizidiwa na hisia, anza kwa kutoa pumzi

Mtu akizidiwa na hofu, hasira au majonzi, wengi humwambia "vuta pumzi ndefu." Nia yao ni njema, ila mara nyingi huyo mtu tayari anahema kupita kiasi. Akizidi kuvuta, hewa ya ukaa hupungua mwilini, midomo na ncha za vidole hufa ganzi, kichwa huzunguka, naye hudhani anakufa. Moyo huenda kasi kidogo tunapovuta pumzi na hupunguza mwendo tunapoitoa. Kwa hiyo tuanzie kwenye kutoa.

1. Keti, nyayo zote mbili zikanyage chini. Legeza chochote kinachobana tumbo.

2. Toa pumzi yote taratibu kwa mdomo, kama unayepoza uji kwenye kijiko.

3. Weka kiganja juu ya kitovu. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4. Kiganja ndicho kiinuke, mabega yatulie. Toa ukihesabu hadi 6. Usiibane pumzi katikati. Ukihesabu kwa sekunde, utapata pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5.

4. Kaza ngumi sekunde 5, kisha achia. Fuata mabega, taya, mapaja. Mbinu hii ilianzishwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson. Usiifanye haraka haraka: kila ukiachia, tulia kidogo uusikie mwili unavyolegea.

Machozi yakija, yaache yatoke.

Maswali ya wanachama

*Dada, nikifumba macho tu, yaliyonipata yananirudia.*
Pole sana, mdogo wangu. Basi usifumbe. Taja kwa sauti unavyoviona: mlango, ndoo, kanga kwenye kamba. Gusa ukuta, sikia ubaridi wake. Walioumizwa wengine hutishika zaidi wakiisikiliza pumzi yao, hivyo wewe anza na nyayo, pumzi itafuata baadaye. Na hayo yaliyokupata usiyabebe peke yako, mtafute mshauri nasaha.

*Nina pumu, naruhusiwa?*
Ndiyo, ukiwa huna shida ya kupumua. Kifua kikibana, tumia kwanza dawa yako ya kuvuta.

*Siku nilipozidiwa hata kuhesabu nilishindwa.*
Acha kuhesabu, toa pumzi tu. Zoezi lenyewe lizoee ukiwa mtulivu, kwa mfano kila usiku kitandani.

*Mama analalamika kifua kinamuuma hadi mkononi, jasho linamtoka. Tumfundishe?*
Hapana! Mpelekeni hospitali sasa hivi.