Ukienda kuwaaga mabaharia wa mashua za matanga, uliza walichoshusha

Kwa anayejiandaa kuingia mbio ndefu za vyombo vya matanga: usingoje saa ya kuondoka. Fika gatini siku moja kabla, chagua chombo kimoja cha ukubwa utakaosafiria wewe, msalimie nahodha vizuri, kisha uliza, "Mmeshusha nini, na kwa nini?" Walichopakia utakipata kwenye orodha yoyote. Walichoshusha ndicho kinachoonyesha walivyopima uzito na hatari: kila kilo hupunguza mwendo, lakini maji ya kunywa, dawa na maboya hayapunguzwi ovyo. Andika jibu hapo hapo. Kama wanatokea Kilindini, bandari ya Mombasa, siku yenyewe simama ufukweni Mama Ngina, kwenye mlango wa bandari, utazame wanavyorekebisha matanga wakikutana na upepo wa bahari kuu. Kwangu hapo pana faida kuliko hotuba zote za gatini.

Swali hili halifai saa za mwisho, watu wakikaza kamba na kujaribu redio. Waache. Tena jibu la safari ya upepo wa kusi usilibebe kwenye ya kaskazi: anayekwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, huchukua matanga tofauti na anayesukumwa na upepo.