Namna ya Kujifunza Kitenzi cha Kiingereza Pamoja na Kihusishi Chake

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeandika Kiingereza mara nyingi hukosea si kwa kutojua maana ya kitenzi, bali kwa kukijua kitenzi peke yake, bila kihusishi (neno dogo kama "to", "for" au "with") kinachokifuata na bila kujua nomino ipi inapaswa kukaa wapi. Katika Kiswahili sehemu kubwa ya kazi ya vihusishi hufanywa ndani ya kitenzi chenyewe kwa kiambishi cha kauli ya kutendea. Tunasema "hama" na "hamia", na badiliko hilo dogo linatosha kumfahamisha msikilizaji kama mtu ameondoka Mwanza au amekwenda kuishi Mwanza. Kiingereza hakina nyenzo hiyo. Kitenzi "move" hubaki vilevile, na tofauti yote hubebwa na "from" au "to".

Jambo hili huonekana waziwazi tunapotaja kifaa au mahali pa kutendea jambo. "Kiti cha kukalia" ni "a chair to sit on", "kalamu ya kuandikia" ni "a pen to write with", na "kisu cha kukatia nyama" ni "a knife to cut meat with". Mwanafunzi huandika "a chair to sit" akaona sentensi imekamilika, kwa kuwa katika lugha yake kitenzi kimekwisha kubeba kila kitu; kumbe ile "on" ya mwisho ndiyo inayofanya kazi ya kiambishi kilichomo katika "kukalia". Basi kila unapotaka kusema kwa Kiingereza jambo ambalo Kiswahili hulisema kwa kauli ya kutendea, jiulize kwanza ni kihusishi gani kitakachoshika nafasi ya kiambishi hicho, au kama kitenzi ulichochagua hakihitaji kihusishi chochote.

Kipimo hicho hakitoshi peke yake, kwa sababu viko vitenzi vya Kiswahili visivyo katika kauli hiyo ambavyo vinapokea shamirisho, yaani nomino inayotendwa, moja kwa moja, ilhali wenzao wa Kiingereza hudai kihusishi. Tunamsubiri mtu, lakini Mwingereza husema "wait for someone". Tunatafuta funguo, naye husema "look for the keys". Tunasikiliza redio, naye husema "listen to the radio". Hapa hakuna kanuni ya kukuokoa. Dawa ni kubadili namna ya kuandika msamiati daftarini: badala ya kuandika kwamba "wait" ni kusubiri, andika muundo mzima, yaani "wait for" kisha neno "mtu" au "kitu" mahali pa nomino. Kamusi za wanafunzi wa Kiingereza zimekuwa zikifanya hivyo tangu A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha nchini Japani, alipochapisha pamoja na wenzake mjini Tokyo mwaka 1942 kamusi iliyoonyesha miundo ya vitenzi na si maana zake tu. Binafsi naona orodha ndefu za vitenzi na vihusishi zinazokaririwa kabla ya mtihani zina faida ndogo. Muundo mmoja ulioandikwa ndani ya sentensi yako mwenyewe hukaa kichwani zaidi kuliko orodha ya ukurasa mzima.

Ugumu huongezeka kitenzi kinapokuwa na nomino mbili, ile inayoitwa kipozi, yaani kitu kinachotendwa, na ile inayoitwa kitondo, yaani mtu anayetendewa. Kiswahili humtanguliza kitondo karibu kila mara: alinipa kitabu, alinieleza tatizo, aliniibia simu. Kiingereza huvigawa vitenzi hivi katika makundi. "Give", "send", "show", "lend" na "tell" huruhusu mpangilio unaofanana na wetu, kama katika "She gave me a book". Lakini "explain", "describe", "suggest", "announce" na "say" havikubali. Mtu lazima aje nyuma akitanguliwa na "to", kwa hiyo tunaandika "She explained the problem to me", wala hatuandiki "She explained me the problem". Kitenzi "steal" kina hatari zaidi, kwani "The thief stole me" humaanisha kwamba mwizi alikubeba wewe mwenyewe, na "I was stolen my phone", ingawa husikika sana mitaani kwetu, haikubaliki katika maandishi rasmi. Kinachoibwa ndicho kinachokaa baada ya "steal": "He stole a phone from me". Ukitaka kumtanguliza aliyeibiwa, badili kitenzi: "He robbed me of my phone".

Katika vitenzi vya aina hii kihusishi huamua nani awe wa kwanza. "Provide us with books" na "provide books for us" zina maana moja, lakini mtu akitajwa kwanza, kihusishi huwa "with", na kitu kikitajwa kwanza, kihusishi huwa "for". Vivyo hivyo "blame the driver for the accident" na "blame the accident on the driver". Anayeandika "provide us with" daftarini bila kuonyesha mahali pa "mtu" na "kitu" amejifunza nusu tu.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa makini ni wa habari za mahakamani, kwa sababu Kiswahili hutumia "kwa" pale ambapo Kiingereza hubadilika katika kila hatua ya kesi. Mtu ametuhumiwa kwa wizi, amekamatwa kwa wizi, ameshtakiwa kwa wizi, ametiwa hatiani kwa wizi. Kwa Kiingereza ni "accused of theft", kisha "arrested for theft", kisha "charged with theft", na mwisho "convicted of theft". Anayechagua kihusishi kwa kutafsiri "kwa" atakosea angalau mara mbili katika aya moja. Kihusishi hakichaguliwi na maana ya wizi wala na "kwa" ya Kiswahili. Huchaguliwa na kitenzi kilichotangulia.

Upo pia upotovu wa kuongeza kihusishi kisichotakiwa, nao umeenea sana Afrika Mashariki hata katika barua za ofisi. Watu huandika "discuss about the matter", "request for a loan" na "emphasize on discipline". Chanzo chake ni nomino za vitenzi hivyo. Nomino hudai kihusishi: "a discussion about the matter", "a request for a loan", "an emphasis on discipline". Kitenzi chenyewe hakidai: "discuss the matter", "request a loan", "emphasize discipline". Mwandishi amesoma nomino mara nyingi, akahamishia kihusishi chake kwenye kitenzi. Ili kujihakikishia, tazama kama neno limetanguliwa na "a", "the" au "our". Likiwa hivyo ni nomino, na kihusishi kibaki. "Visit" na "answer" hufuata mkondo huohuo, kwani husemwa "visit the museum" lakini "a visit to the museum".

Kabla ya kumaliza muundo wowote, tofautisha kihusishi halisi na kielezi kinachofanana nacho. Katika "look after the child", neno "after" ni kihusishi, na nomino haiwezi kukaa katikati hata ikigeuzwa kiwakilishi: ni "look after her" tu. Katika "turn off the light", neno "off" ni kielezi, kwa hiyo unaweza pia kusema "turn the light off", na kiwakilishi lazima kiingie katikati: "turn it off". Njia rahisi ya kupima ni kuweka "it" au "her" na kuona kinakaa wapi katika mfano wa kamusi. Kielezi nacho hakidondoshwi ovyo. Anayeahidi "I will pick you at six" ameacha "up", nayo "pick" bila "up" humaanisha kuchuma au kuchagua.

Mwishowe, kihusishi hakipotei nomino yake inapohamishwa. Katika swali husemwa "What are you waiting for?", katika kauli ya kutendwa "The child was well looked after", na katika kishazi rejeshi "the bus that I was waiting for". Kiswahili husema "basi nililokuwa nikilisubiri" na hakuna kinachobaki mkiani, ndiyo maana "for" ile husahaulika kwa urahisi. Na kitenzi kikifuata kihusishi, hugeuka kuwa nomino kwa kupewa "-ing": "He insisted on paying", vilevile "I look forward to seeing you", ambapo "to" ni kihusishi wala si alama ya kitenzi, ingawa wengi huandika "to see you" chini ya barua zao za kuomba kazi.