Viazi vitamu kwenye mchanga: mbolea kidogo kidogo, na urea isichelewe

Kila msimu naulizwa jambo lile lile: "Marando yamefunika shamba zima, nikichimba sipati kitu, niongeze mbolea gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaandika yote hapa.

Somo hili ni la udongo wa kichanga tu. Lowesha konzi ya udongo, uviringishe kiganjani kama kamba. Ukimeguka kabla kamba haijatokea, huo ni wa kichanga, somo hili ni lako. Mchanga haushiki chakula. Naitrojeni na potasiamu huyeyuka na kushuka na maji hadi mizizi isikofika. Fosforasi ndiyo hutulia. Ndiyo maana fosforasi tunaiweka yote mwanzoni, hizo mbili tunazigawa.

Vipimo vyote ni vya tuta la mita 10, matuta yakiwa yameachana mita 1.

1. Wiki 2 au 3 kabla ya kupanda: samadi iliyooza, kilo 10. Ikiwa bado ina joto ndani, iache.

2. Siku ya kuinua tuta: DAP (mbolea yenye fosforasi na naitrojeni kidogo) gramu 100 na MOP (mbolea ya potasiamu) gramu 80. Nyunyiza kwenye mfereji, funika, inua tuta juu yake. Marando yasiguse mbolea.

3. Panda marando ya sentimita 30, nafasi sentimita 30, vifundo 3 viwe chini ya udongo.

4. Wiki ya 4 tangu kupanda: urea (mbolea ya naitrojeni) gramu 60.

Hapa ndipo nilipoharibu. Msimu wangu wa pili niliweka urea yote siku ya kupanda ili nisirudi tena. Siku ya tatu mvua ikanyesha usiku kucha. Mwezi ulipokwisha majani ya chini yalikuwa yamepauka, nami nikazubaa hadi mwezi wa tatu tangu kupanda, ndipo nikarudisha urea maradufu. Shamba likapendeza sana, ukipita marando yanakunasa miguu. Siku ya kuvuna nikang'oa shina la kwanza: mizizi saba, mirefu, myembamba kama penseli, imejaa nywele. La pili vilevile. Nilimaliza tuta zima nikitafuta kiazi cha kujaa mkono, sikukiona.

Sababu ni kwamba mizizi huanza kugeuka viazi mapema, ndani ya wiki za mwanzo. Ukiimwaga naitrojeni wakati viazi vinataka kunenepa, mmea unapeleka nguvu kwenye majani. Kwa hiyo: USIWEKE urea baada ya wiki ya 6, hata majani yakipauka. Usiweke kwenye udongo mkavu, wala mvua kubwa ikiwa imetanda. Chora mfereji kando ya tuta, sentimita 10 kutoka kwenye shina, nyunyiza, funika papo hapo. Urea ikiachwa juu hupotea hewani.

5. Wiki ya 6: MOP gramu 80 zilizobaki, kwa namna ileile. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionyeshi kitu kwenye majani. Msiiruke, potasiamu ndiyo inayosafirisha sukari kushuka kwenye kiazi.

MASWALI

Shamba Jipya: Mkuu, naweka mbolea gani na kiasi gani?

Jibu: Hatua ya 2, 4 na 5. Uzito umeandikwa.

Mzee wa Tuta: Kila mwaka mimi huweka urea mwezi wa tatu tangu kupanda na navuna vizuri tu.

Jibu: Udongo wako ni wa kichanga? Nimeandika juu kabisa somo ni la nani. Kama ni wa kichanga, mwaka huu acha matuta mawili bila urea hiyo, uyapime siku ya kuvuna.

Bi Marando: Asante kwa somo. Nitajuaje kama majani yamekosa naitrojeni au potasiamu?

Jibu: Swali zuri, dada. Tazama majani ya zamani, yale ya karibu na shina. Naitrojeni ikipungua, jani lote hupauka sawasawa. Potasiamu ikipungua, njano huanzia ukingoni, kisha ukingo hukauka kama umeunguzwa. Ukiona njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, shuku magnesiamu. Mchanga huipoteza nayo, na MOP ikizidi huizuia isiingie kwenye mmea. Kwa hiyo usizidishe vipimo ukidhani unasaidia.

Kijana wa Jembe: Sina MOP. Jivu la kuni je?

Jibu: Lina potasiamu, litumie. Lakini usilichanganye na urea wala samadi, naitrojeni itaondoka kama amonia, utaisikia puani. Na lisiwe jingi: hupunguza asidi ya udongo, na viazi vitamu hupenda pH (kipimo cha asidi) kati ya 5.5 na 6.5.

Bi Marando: Na sisi tunaochuma matembele kwenye matuta hayohayo?

Jibu: Kila jani unalochuma limeondoka na chakula cha kiazi. Tenga tuta moja la mboga tu, karibu na maji. Hilo lipe samadi ya kutosha na urea kidogo kila baada ya kuchuma, maana pale majani ndiyo unayoyataka. Mengine usiyaguse hadi siku ya kuvuna.