Jinsi ya kuusoma mmea wa dawa kwa njia ya Ayurveda: tuanze na tangawizi kavu

Wengi wanaoniuliza kuhusu dawa za mitishamba za Kihindi huanza na swali moja: "Hii inatibu nini?" Nilipokuwa nasoma Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huko Jamnagar, Gujarat, swali hilo lilikuja mwisho. Somo lenyewe huitwa dravyaguna. Dravya ni kitu, guna ni sifa. Unaujua mmea kwa tabia zake kwanza, ndipo uulize unamfaa nani. Nitakuonyesha kwa tangawizi kavu, ambayo maduka ya Wagujarati huiuza kwa jina la sunth. Chukua daftari.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mmea gani

Andika jina la kisayansi (Zingiber officinale), la Kisanskriti (shunthi), sehemu inayotumika, na hali yake: mbichi au kavu. Usiiruke hatua hii. Ukiomba rasna kaskazini mwa India utapewa Pluchea lanceolata. Ukiomba kusini utapewa Alpinia galanga. Brahmi kwa wengine ni Bacopa monnieri, kwa wengine ni Centella asiatica. Mtu anasoma utafiti wa mmea mmoja, anakwenda kunywa mwingine.

Hata tangawizi mbichi ina jina lake, ardraka, na imeandikiwa sifa zake peke yake. Maabara inakubaliana na utaratibu huo: tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli, kemikali inayoipa ukali, hupoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi.

Hatua ya 2: Onja

Fanya asubuhi kabla ya chai. Sukutua kwa maji matupu, kisha tafuna kipande kama ukucha wa kidole kidogo. Ladha, yaani rasa, ziko sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ya ukakasi. Tangawizi itakuchoma ncha ya ulimi, mate yatajaa, pua italegea. Hiyo ni katu, ukali. Andika ulichokihisi wewe kabla ya kufungua kitabu chochote.

Ongeza guna zake: tangawizi kavu huhesabiwa nyepesi tumboni na yenye asili ya mafuta; mbichi huhesabiwa nzito na yenye kukausha.

Hatua ya 3: Tafuta nguvu yake

Virya ni nguvu ya dawa, na mara nyingi hutajwa kwa mbili: moto au baridi. Tangawizi ni ya moto. Sisi wa Pwani tumezoea kusema chakula hiki cha moto, kile cha baridi, kwa hiyo hapa utajisikia nyumbani. Lakini kuwa mwangalifu: mazoea yetu yamechota mengi kwenye tiba ya Kiyunani iliyokuja na Waarabu, na hesabu zake si hizi.

Tena usikisie nguvu kwa ladha pekee. Amalaki (Phyllanthus emblica) ni chachu, na kwa kawaida uchachu huenda na moto. Lakini yenyewe ni ya baridi.

Hatua ya 4: Fuatilia kinachobaki baada ya kusagwa tumboni

Hapa ndipo nilipolipenda somo hili. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, inafundisha kwamba rasa hujulikana dawa inapogusa ulimi. Vipaka, yaani ladha ya mwisho baada ya mmeng'enyo, hujulikana kwa matokeo yake tu. Na virya hujulikana tangu dawa inapogusa mwili hadi inapotoka.

Kanuni ya vipaka ni kwamba kitu kikali huishia kuwa kikali. Pilipili manga inaitii kanuni hiyo. Tangawizi haiitii: huanza kali, huishia tamu. Kwa hiyo viungo viwili vinavyochoma ulimi vilevile, vyote vya moto, hupewa kazi tofauti. Vipaka kali hukausha na kufunga choo. Vipaka tamu hulainisha choo na kulea mwili. Ziandike zote mbili ukurasa mmoja, ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 5: Angalia kama kuna prabhava

Mfano wa Charaka ni mimea miwili, chitraka na danti. Ladha zao, vipaka na virya zinafanana, lakini danti huendesha tumbo na chitraka haiendeshi. Tofauti hiyo isiyoelezeka kwa sifa zilizotangulia ndiyo prabhava. Usiikimbilie kila unapokwama.

Hatua ya 6: Pima

Famakopea ya Ayurveda ya India, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka majivu yote ya tangawizi kavu yasizidi asilimia 6. Unachoma gramu 2 hadi 3 za unga kwenye tanuri, joto lisipite nyuzi 450, mpaka weusi wote uishe, kisha unapima kilichobaki. Chini ya hadubini, tone la iodini huzigeuza chembe za wanga kuwa buluu: za tangawizi zina umbo la kifuko kilichobanwa upande mmoja. Ukikuta duara nyingi kama za ngano, shuku unga umechanganywa.

Niliwahi kununua kilo mbili za sunth nyeupe ya kupendeza. Nilipoisugua kwa kidole gumba, weupe ulibaki kidoleni: chokaa. Majivu yalipita kiwango na mzigo wote nikautupa. Tangu siku hiyo nachagua iliyo na rangi ya udongo.

Hatua ya 7: Tenganisha safu mbili

Kushoto andika vitabu vya jadi vinavyosema, kulia andika kilichoonekana maabara au kwa wagonjwa. Tangawizi ina majaribio mazuri juu ya kichefuchefu. Hayo yakae kulia. "Huishia tamu" ikae kushoto, isivalishwe koti la maabara.

Chini kabisa andika kipimo, gramu 1 hadi 2 za unga, na tahadhari: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwone daktari wake kwanza. Ukurasa unaofuata uwe wa bizari ya manjano.