Kodi ya jengo kwenye LUKU: mpangaji wa Mbeya ufanyeje hela yako irudi

Ndugu zangu wapangaji, kuanzia Uyole mpaka Iyunga kila mwezi ukianza malalamiko ni yale yale, nimenunua umeme wa elfu tano mbona uniti kiduchu, wakiambiwa ni kodi ya jengo watu wanasonya yanaisha. Kusonya hakurudishi hela.

Kwanza ujue kodi hiyo sio yako, ni ya mwenye nyumba. Serikali ilianza kuikata kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, buku (shilingi 1,000) kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa 1,500 yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa za mjini 7,500 kwa mwezi kila sakafu. Serikali imerahisishiwa kukusanya sawa, ila anayekatwa ni yule anayenunua umeme, na nyumba za kupanga anayenunua ni sisi. Hilo ndo linaniuma.

Sasa fanya hivi. Usifute meseji za tokeni, humo kuna mchanganuo wote, VAT, tozo ya REA (umeme vijijini), ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) na hiyo kodi ya jengo. Ukikaa miezi bila kununua deni linajikusanya, siku ukinunua linakatwa, kwa hiyo kabla hujahamia chumba kipya muulize mwenye nyumba mita inadaiwa au la. Ukilipa pango la miezi sita, makato ni 9,000, siku ya kulipa tena nenda na meseji zako ongea naye kwa heshima, shikamoo mama, hii 9,000 nimekulipia kodi ya jengo naomba tuitoe kwenye pango. Wengi ni waelewa ukiwa na ushahidi mkononi. Mkataba mpya ukiandikwa mwambie aliweke hilo kwa maandishi, akigoma nenda kwa mtendaji wa mtaa awakalishe.

Kwenye mita moja wapangaji sita ndo ugomvi unapoanzia, maana anayenunua wa kwanza mwezi huo anakatwa peke yake halafu wenzake wanakula uniti kamili. Wekeni daftari, andikeni nani kakatwa, na hela ikirudi irudi kwake yeye.

Nyumba moja ikiwa na mita tatu zote zinakatwa, hapo mwenye nyumba aende TRA (mamlaka ya mapato) au TANESCO (shirika la umeme) na namba za mita zote ibaki inayokatwa moja.

Na kama kiwango chenyewe ndo kinakukera, kinapangwa kwenye Sheria ya Fedha, muswada wake unapita bungeni kila Juni, mbane mbunge kabla ya hapo, Julai mmeshachelewa.

Halafu wazee. Bibi yako kule Tukuyu akiwa na miaka 60 na kuendelea, anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe na haifanyii biashara, sheria inamsamehe, ila mita haijui umri wa mtu, mpeleke TRA na kitambulisho chake na namba ya mita mwezi huu huu.