Nyumba za bei nafuu Tanga: anza na ua

Mimi ni fundi mwashi, Ngamiani. Ukipewa kazi ya vyumba vya kupangisha watu wa kipato cha chini, usikimbilie kuchora. Kaa kwanza na akina mama watakaoishi humo, uwaulize watapikia wapi. Niliwahi kufuata ramani yenye jiko dogo ndani. Mwezi haujaisha, majiko ya mkaa yote yako nje, mbuzi ya nazi iko mlangoni, na lile jiko langu limekuwa stoo ya ndoo.

Kwa hiyo anza na ua. Uwe nyuma, ukuta wake upite kichwa cha mtu, na uwe na kibanda cha kupikia. Mlango wa uani usitazamane na wa mbele, mpita njia asije akaona mpaka ndani.

Choo: kibla yetu hapa, upande Waislamu wanaoelekea wakiswali, ni kaskazini, na chooni mtu haielekei wala haipi mgongo, basi sinki lielekee mashariki au magharibi. Ukikosea hapo, ni kuvunja tu.

Mbele jenga baraza, upana futi mbili. Mwenye mradi atalalamika saruji inapotea. Muulize wazee watakaa wapi. Ukumbi nao upime kwa jeneza: litoke na wabebaji wake bila kuinamishwa.