SOMO: Kikundi cha mtaa kinavyojiandaa kutoa elimu ya kipindupindu

Wakuu, naandika mara moja nipumue. Kila masika yakinukia napigiwa simu: "tuna kikundi, tunaanzaje?" Anzeni hapa.

1. Katiba, viongozi watatu, daftari la mahudhurio. Mnajua.

2. Usajili: mtendaji wa mtaa awatambulishe, kisha Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

3. Muoneni bwana afya wa kata kabla ya kuchapa hata kipeperushi kimoja. Anajua choo cha nani kinatapishwa mtaroni mvua ikinyesha.

4. Ujumbe mmoja kwa msimu. Kipindupindu, malaria na kisukari kwa mkupuo, watu wanaondoka na soda tu.

5. Kuwanoa waelimishaji. Hapa niliharibu, nisomeni taratibu. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoingia Dar, tuliita vijana ishirini ukumbini, tukawasomea karatasi, wakapiga makofi, tukawapa fulana. Kesho yake nimesimama uani Tandale namsikiliza binti wetu akifundisha maji ya chumvi na sukari ya kumpa anayeharisha: "chumvi vijiko sita, sukari nusu." Kageuza! Mama mmoja keshachota chumvi. Mtoto anayeharisha ukimpa maji yale unammaliza. Kipimo ni lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi NUSU kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Yakizidi chumvi ya machozi, mwaga. Na hayo ni ya dharura tu. Pakiti ya ORS (unga wa chumvichumvi na sukari uliopimwa tayari, wa kukoroga na maji) ikiwepo tumia hiyo, mgonjwa apelekwe kituoni huku anakunywa njiani. Tangu siku ile hatoki mtu kwangu bila kukoroga mbele yangu, aonje, anieleze kama mimi ndiye mama mwenye mtoto. Nikimuuliza swali la kijinga akababaika, anarudia. Fulana baadaye.

6. Tokeni saa kumi jioni, kwenye foleni ya ndoo. Msiwaite watu, wafuateni.

MASWALI

Dogo_Buza: Posho shilingi ngapi kwa siku?
— Somo lina hatua sita. Posho umeiona ya ngapi?

Kamanda_T: Mbona hujaandika kipimo cha chumvi?
— Hatua ya 5. Kwa herufi kubwa.

Mama_Wawili: Mkuu, sisi wanawake wanatusikiliza, wanaume wa kijiweni wanacheka tu. Tufanyeje?
— Swali zuri sana, dada. Usihutubie kijiwe. Mtafute mcheza bao mmoja wanayemheshimu, mnoe yeye. Kwetu aliyefanikiwa ni fundi baiskeli: ndoo ya bomba na sabuni kaweka kibandani kwake, anayetaka pampu ananawa kwanza. Wakimcheka, tairi linabaki bila upepo.

Fundi_Spika: Spika ya kukodi inakata sauti.
— Betri ya bodaboda, na usiifungulie yote.

Mama_Wawili: Na lita moja tunapimaje? Nyumba nyingi hazina jagi.
— Chupa ya nusu lita, mara mbili. Angalieni ile chupa kubwa ya maji ya dukani, nyingi ni lita moja na nusu. Tuliikuta nyumba tatu mtaa mmoja wakiiita "ya lita".